Uraibu wa Mdogo Wangu

Siku wakwe watarajiwa wa mdogo wangu walipotoka Igalula kuja kwetu Tabora kuleta posa, binamu yetu alijipa kazi ya ushereheshaji. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa amesomea Kiswahili chuoni, na tangu arudi alikuwa akitusahihisha hata tukipiga chafya.

Baada ya alasiri, pilau ikiwa imeshaliwa, akasimama uani na kipaza sauti, ingawa pale hata ukinong'ona unasikika mpaka kwa jirani. Akamsifu binti yetu kwa elimu na tabia, kisha akasema, "Na uraibu wake ni kusoma hadithi na kutunza maua."

Shangazi wa bwana harusi, mfanyabiashara wa mpunga, mwanamke wa maneno machache, akaweka kikombe chini.

"Ana nini?"

"Uraibu, mama."

"Tangu lini? Na mmengoja tushibe ndiyo mtuambie?"

Neno hilo alikuwa amelisikia kwenye redio, kwenye matangazo ya vijana walioharibiwa na dawa za kulevya. Wenzake wakaanza kutazamana. Mama akamnong'oneza binamu, "Sema hobi, baba, yaishe." Lakini binamu hatamki hobi. Hilo ni neno la Kiingereza, na Kiingereza anakitumia anapoomba kazi tu.

Akaamua kutufundisha. Zamani, akasema, uraibu ulikuwa ule mchanganyiko wa kutafuna: tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Kwa kuwa mtu akishauzoea hauachi, neno likahamia kwenye kila jambo linalomteka mtu, liwe baya kama bangi au zuri kama kusoma. Yalikuwa maelezo mazuri sana, kwa watu waliokuja kujifunza.

"Kwa hiyo anatafuna tumbaku," shangazi akasema.

Bibi yetu, tumbaku ya Sikonge ikiwa imemjaa shavuni, akamjibu kwa upole, "Bado hajaanza. Huyu hata pilipili inamshinda."

Wageni wakaomba faragha, wakajikusanya barazani. Mdogo wangu alikuwa chumbani analia, amevaa gauni lake jipya, akiniuliza amekosa nini. Baba ndiye aliyetoka akawaambia wageni, "Tulikuwa tunamaanisha hobi." Wakacheka, wakarudi kukaa.

Mama akaona basi na kijana naye aseme yake.

"Mimi ni kubeti tu," bwana harusi akasema. "Mechi za Ulaya."

Hapo hakuna aliyeweka kikombe chini. Shangazi akatabasamu, akasema vijana wa siku hizi ndivyo walivyo. Wajomba zangu wawili wakamuuliza ana uhakika na timu gani wikiendi ile. Posa ikapokelewa.

Ndoa ilifungwa. Kwanza iliondoka pikipiki, ikafuata televisheni, halafu jokofu likiwa na samaki ndani. Mdogo wangu alirudi nyumbani baada ya kumkuta mumewe akipima kitanda kwa futi, mnunuzi amesimama mlangoni.

Mwezi uliopita shangazi yule alikuja kutuomba radhi, ameleta na jogoo. Alisema kijana wao ni mgonjwa, asihukumiwe. Baba alimpokea jogoo. Mdogo wangu hakutoka chumbani.