Wivu Kwenye Meza ya Chaji

Umeme ulikuwa umekatika kwetu Katoyi tangu juzi, nikapeleka simu ya bibi yangu, mke wangu, kwa mama mumoja anayechajia watu simu kwa sola. Nikakuta mwanaume mumoja mwenye vumbi ya mbao kwenye nyusi, anapigia muchumba wake.

"Hajibu," akamwambia mama. "Nilijua tu. Dokta mwenye sura ile anitake mimi, fundi mbao wa Ndosho?"

Palepale mezani, simu moja yenye ganda jekundu ikalia. Akainama.

"Lakini hii ni yake!" Akasoma jina kwenye kioo. "'Bwana Yangu'. Mama, unaona? Kumbe ana bwana!"

Simu yake mwenyewe ilikuwa bado sikioni.

"Papa," mama akasema polepole, "kata simu yako kwanza."

Akakata. Ile nyekundu ikanyamaza. Akapiga tena, "Bwana Yangu" ikawaka. Akapiga mara ya tatu, mara ya ine, anasoma tu na kucheka, mpaka mama akachoka:

"Papa, mi najaza, we unamaliza!"

Nikatazama simu ya bibi yangu pale mezani. Tumeoana miaka makumi mbili. Yangu nilikuwa nayo mukononi, lakini sikuthubutu kupiga.