Mkwe Aliyepiga Magoti Oldonyo Sambu

Nilitoka nyumbani Poli, kwetu Meru, kwenda kumrudisha binti yangu. Sikwenda kutembea. Ilikuwa enzi za Mwingereza, Vita Kuu ya Pili imekwisha, na Anaeli, mtoto wangu wa pekee wa kike, alikuwa anachuma pareto kwenye shamba la mzungu mmoja huko Oldonyo Sambu, ng'ambo ya Mlima Meru. Ikaja barua. Mwalimu wa kanisani alinisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilimwambia amekosea. Anaeli ameposwa na fundi wa pampu ya maji, jina lake Mudiaga, mtu wa kabila la Waurhobo, Nijeria. Mkataba wa fundi unakwisha na kwao ni safari ya meli. "Mama, njoo umwone kabla hujasema hapana."

Hapana nilikwisha kuisema palepale, barua haijakunjwa.

Alfajiri ya Jumatatu niliondoka na shemeji yangu Lazaro, mdogo wa marehemu mume wangu. Mimi nilibeba ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Lazaro alibeba fimbo na maneno.

"Shemeji, na huyo Mnijeria akitukaribisha kwa nyama tusiyoijua?"

"Utakula ndizi. Tembea."

Adhuhuri tulipumzika Tengeru, miguu imejaa vumbi jekundu. Jioni tukaingia Arusha mjini, tukalala kwa binamu yangu karibu na mto Themi. Alitupa uji na kitanda chake mwenyewe, yeye akalala chini na wanawe. Sijamsahau kwa hilo.

Kesho yake asubuhi tulipanda lori la Mhindi mmoja lililokuwa linapeleka unga kaskazini, tukakaa juu ya magunia. Baada ya Ngaramtoni nikautafuta Mlima Meru nikaukuta umegeuka. Kwetu ni migomba na kahawa na maji yanayoimba kwenye mifereji. Upande ule ni majani makavu, ng'ombe wa Waarusha, na upepo. Nikasema moyoni, mtoto wangu ameacha maji yale kuja kuolewa na mtu wa pampu.

Saa saba mchana tulifika shambani. Mtu mrefu, mweusi sana, alitoka kwenye kibanda cha mashine akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa anachechemea. Alipotufikia alitupa lile tambara, akapiga magoti yote mawili chini, kwenye kokoto, mbele yangu, akasema neno moja: "Migwo."

Kwetu kijana humpa mkubwa shikamoo, au huinamisha kichwa akaguswa. Mwanamume mzima kumpigia magoti mwanamke sikuwahi kuona, isipokuwa mtu mwenye kosa kubwa. Damu ikanienda mbio.

"Umemfanya nini mwanangu?"

Akazidi kuinamisha kichwa.

"Nakuuliza! Yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Basi ana mimba."

"Hapana, mama." Lakini hakuinuka. Nilimwona jasho linamtoka na goti moja linatetemeka. Lazaro akaninong'oneza, "Huyu ameua mtu."

Ndipo Anaeli akaja mbio kutoka shambani, kikapu mgongoni. "Mama! Mwambie *vrendo*! Hawezi kuinuka mpaka umwitikie!"

Kumbe ile ndiyo shikamoo yao. Mdogo hupiga magoti akasema migwo, na mkubwa humjibu vrendo, yaani inuka. Asipojibiwa hukaa chini. Na goti lile lilikuwa goti la vita: alikwenda Uhabeshi na jeshi la Mwingereza akapigwa risasi, akaachwa hospitali wenzake waliporudi kwao, kisha akapata kazi ya pampu. Mimi nilimweka juu ya kokoto kwa goti hilo nikimhoji kama hakimu. Nikasema vrendo, akainuka kwa kushika fimbo ya Lazaro. Sikumwomba radhi. Nilipaswa, na nasema hapa ili ijulikane.

Mchana ule alitutolea kwenye sahani kokwa ya kola, mbegu ya mti wa kwao inayotafunwa. Kwao mgeni hapokewi bila kola, na mwanamume mkubwa kuliko wote ndiye huiombea. Ilikuwa imekaa naye tangu alipotoka kwao, imekauka, akaipasua kwa nyundo. Alimpa Lazaro sahani. Lazaro alikuwa hajawahi kuombwa na mtu aongoze sala, hata nyumbani kwake. Alivua kofia akasali sala ndefu kama mchungaji wa Krismasi. Kisha akatafuna, uso wote ukakunjamana.

"Chungu, baba?" Mudiaga akauliza.

"Tamu," akasema Lazaro, machozi yanamtoka.

Anaeli akaleta chakula, wanga wa muhogo uliosongwa ukavutika kama ulimbo, na mchuzi wa samaki wakavu. "Mama, usitafune. Unachovya, unameza."

"Kwetu anayemeza bila kutafuna ni chatu," Lazaro akasema. Wote tukacheka, hata mimi, na mimi nilikuwa nimeapa sitacheka pale.

Jioni, kabla jua halijazama, nikamwambia Mudiaga nilichokuja kusema. "Nimekuja kumchukua mwanangu. Ukimvusha bahari sitamwona tena mpaka mbinguni."

Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kifupi kifupi. "Mama, kwetu mwanamke akiolewa, mwili unakwenda kwa mume. Lakini ana mwenzake wa rohoni, tunamwita *erhi*. Huyo hatoki kwa baba yake. Siku akifa, lazima mwili urudishwe kwao uzikwe, wakutane."

"Kwetu mke huzikwa migombani kwa mumewe," nikasema.

"Najua. Anaeli ameniambia. Lakini mimi ni Mwurhobo, na kutoka kwetu siwezi kumrudisha. Bahari ni kubwa. Kwa hiyo nimeamua siendi. Nitakaa hapa, nyumbani kwangu pawe hapa. Naomba tu akifa kabla yangu mumpokee Poli."

Lazaro akakohoa. "Sisi hatutaki kumzika, bwana, tunataka azae." Halafu akaona sicheki, akasema taratibu, "Atapokewa. Mimi ni baba yake mdogo, nimesema."

Hapo nilikuwa nimepata yote. Binti hatoki Meru, mkwe ana adabu. Ningefunga mdomo, ningerudi nyumbani nikiimba. Lakini swali lilinitoka.

"Mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Alikuona lini mwisho?"

Akaangalia chini. Miaka saba. Hata barua alikuwa hajamwandikia kwamba harudi.

Nikamwambia: "Sikubali. Nenda kwanza kwa mama yako akuone kwa macho yake. Umwambie wewe mwenyewe. Akikuruhusu, rudi. Anaeli yupo."

Anaeli akasimama. "Na asiporudi, mama?"

"Asiporudi, alikuwa wa mama yake."

Asubuhi yake tulipoondoka Anaeli hakutoka kuniaga.

Njia nzima ya kurudi Lazaro alinisimanga. "Ulikwenda kumleta binti, umemwacha. Ulimkuta na mchumba, umemfukuza. Shemeji, safari nyingine nitakwenda peke yangu." Nililia Tengeru, nikamwambia ni vumbi.

Mudiaga alikwenda na meli. Mwaka ukapita na zaidi, na Anaeli, aliyekuwa amerudi nyumbani, aliniambia maneno ya lazima tu: chumvi imekwisha, ng'ombe amezaa. Kisha asubuhi moja nikiwa napalilia kahawa nikasikia mtu anachechemea kwenye njia ya mfereji. Anaeli alimwona kabla yangu. Jembe lake sijui aliliangusha wapi.

Walifunga ndoa kanisani, wakajenga chini ya shamba letu. Miezi michache baadaye ikaja barua ya Nijeria kwamba mama yake Mudiaga amefariki. Alilia siku tatu. Siku ya nne Anaeli akanijia jikoni, akakaa karibu nami, akasema, "Asante, mama." Basi.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikwenda kuwalinda wangu dhidi ya watu nisiowajua, kumbe watu hao wana desturi ya kumlinda binti wa mwenzao hata akiwa amekufa. Namshukuru Mungu aliyenipa swali lile kabla sijaondoka na furaha yangu.

Mama yake Mudiaga, alipomruhusu mwanawe arudi, alinitumia naye vitambaa viwili vya kujifunga. Wanawake wa Kiurhobo hufunga viwili, kimoja juu ya kingine. Jumapili navifunga hivyo hivyo, na wanawake wa usharika huniuliza kama nasikia baridi. Nawajibu hapana, nimevalishwa na mama mwenzangu.