Kanga Juu ya Sola

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa na jua la kutosha, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Ingekuwa siku ya mawingu ningepata cha kulaumu.

Nilikuwa binti bado, naishi kwa mama yangu hapa hapa Sepuka. Kaka yangu Ramadhani alikuwa mrina asali. Kiangazi chote alikuwa porini upande wa Itigi na mkewe Hadija, wifi yangu, na walilala kwenye gari. Usicheke. Lilikuwa gari la kuishi kweli, lenye kitanda, jiko dogo na kabati, ambalo kaka alilinunua likiwa kuukuu kwa wajenzi wa barabara walipomaliza kazi yao. Watu waliliita nyumba ya matairi, na wazee wengine walimwambia kaka usoni kwamba mwanamume mwenye akili hujenga nyumba isiyokimbia. Mimi nililipenda. Nilimpenda zaidi Hadija, aliyekuwa akinisuka ameketi mlangoni pa gari lake, akinisimulia habari za nyuki wa Itigi kana kwamba ni majirani zake.

Mvua zikianza walirudi nyumbani, gari likaegeshwa uani mpaka kiangazi kingine. Sasa gari likikaa tu, betri zake huisha zenyewe kidogo kidogo, hata kama hakuna anayewasha kitu. Ndiyo maana kaka alifunga sola ndogo juu ya paa, ukubwa wa sinia la pilau. Kazi yake ilikuwa moja, kuzilisha betri kila siku zisife, ili gari likihitajika liwake. Na mwaka ule lingehitajika. Hadija alikuwa mjamzito, baada ya mimba nyingine kuharibika, na nesi wa zahanati alimwambia kaka mapema kwamba huyu asijifungulie nyumbani, uchungu ukianza tu apelekwe hospitali mjini. Kaka akajibu kwa kujivuna kidogo, "Gari ninalo uani."

Sisi wa nyumbani alituambia neno moja tu kuhusu ile sola. "Mama, kile kioo cha juu kisiguswe." Mama akaitikia, "Sawa, baba." Yakaishia hapo. Kaka yangu alikuwa mwema, lakini alikuwa na ule ugonjwa wa mafundi, wa kudhani kwamba sisi wengine tukielezwa tutachoka.

Wakati wa mvua, mwanangu, ndio wakati wa mlenda. Unajua tunavyouchuma ukiwa mbichi na kuukausha, ili kiangazi mboga isikosekane. Siku zote mama alianika majani kwenye jiwe nyuma ya nyumba, lakini mwaka ule mbuzi wa jirani walikwishaijua njia. Mama akawapigia kelele mpaka akachoka. Ndipo akainua macho akaona paa la gari, safi, lina joto, na hakuna mbuzi wa kufika huko. Akapanda kile kingazi cha chuma kilicho nyuma ya gari.

Neno la mwanawe hakulisahau. Hakukigusa kioo kwa mkono wala hakukiwekea jani hata moja. Alikitandikia kwanza kanga yake nzuri, akaikunja pembeni vizuri kisipate mkwaruzo, halafu akaanika mlenda juu yake. Jioni aliteremsha majani, kanga akaiacha ilinde kioo usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Kaka siku hizo alikuwa anaondoka na basi la alfajiri kuuza asali Singida mjini na kurudi giza limeingia, hakuona kitu. Sisi tuliokuwepo tulimsifu mama kwa ujanja wake. Hadija mwenyewe alimsifu.

Uchungu ulimshika asubuhi, siku ambayo kaka alikuwa nyumbani, nasi tukaona hiyo ni bahati. Tukamlaza Hadija kwenye kitanda chake ndani ya gari. Kaka akazungusha ufunguo. Gari likalia tik, likanyamaza. Akazungusha tena na tena. Kisha akapanda juu. Akaivuta ile kanga, majani yakamwagika uani, na kioo kikaanza kung'aa. Jua lilikuwa kali hata huwezi kukitazama. Lakini betri iliyokufa kwa wiki nzima haifufuki kwa saa moja.

Tulisukuma. Majirani walikuja wakasukuma, lakini gari lilikuwa zito na matairi yalishazama kwenye udongo wa mvua. Simu wakati huo zilikuwa za wachache, na aliyepanda baiskeli kwenda kuomba gari la wagonjwa alikuta limeshatoka na mgonjwa mwingine. Tukafunga maksai kwenye mkokoteni. Tulipokuwa tunamteremsha, Hadija alinishika mkono akaniuliza, "Wifi, mbona mnanishusha? Si kitanda changu kiko humu?"

Nilimshika kiunoni, tukamlaza kwenye mkokoteni. Alitokwa na damu njia nzima. Alifariki kabla hatujaifikia barabara kubwa, na mtoto wake akafa pamoja naye.

Baada ya mazishi kaka alimwambia mama, "Nilikuambia usikiguse."

Mama akasema, "Sikukigusa, mwanangu. Nilikifunika kisiumie. Ungeniambia kwamba kinakula jua, ningeacha mbuzi wale mlenda wote."

Kaka alirudi Itigi kwa miguu na hakulala tena kwenye lile gari, wala hakuoa tena. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na mlenda hakuutia tena mdomoni. Kila asubuhi alipanda kingazi kukifuta kile kioo, hata betri zilipokwisha kutolewa na matairi kuuzwa. Miguu ilipomkataa akanituma mimi. Niliwahi kumwambia, "Mama, hakilishi kitu tena." Akaniambia nipande tu.

Sasa kila paa la kijiji hiki lina sola, na nyinyi mmesoma. Lakini nawasikia. "Bibi, usiguse hapo. Bibi, wewe acha tu." Nikisikia hivyo namkumbuka mama. Nasaha yangu ni moja, mwanangu, nayo nimeisema kwa wengi na sijaona aliyebadilika: ukileta kitu nyumbani ambacho roho ya mtu inakitegemea, kaa chini na kila anayeishi nacho, mpaka mkongwe wa mwisho, umweleze kinafanya nini na kwa nini. Usimpe katazo tupu. Mtu anayekupenda atalitii katazo lako kwa namna anayoijua yeye, na atakuua kwa kutii.

Mungu akupe umri, akupe nyumba na watu wa kuijaza. Siku utakayoshika ufunguo mgonjwa wako yuko ndani, gari likuwakie. Na mama yako asije akabaki duniani akifuta kioo.