Majina Matano ya Bibi Avelina

Miaka kumi na minne mimi na Kokuberwa tunagawana baraza moja hapa Nyaishozi, mimi na cherehani yangu, yeye na kompyuta yake, na sijawahi kumsikia akisema leo sijachoka. Anachapa mitihani, barua za maombi, na zaidi ya yote wasifu wa marehemu. Huku hatuziki mtu bila kusoma kazaliwa wapi, kabatizwa lini, kazaa nani na nani. Msiba ukitokea, wanamletea flashi zilizojaa virusi na wanataka karatasi kabla jeneza halijatoka nyumbani.

"Hivi unasoma unachochapa?" nilimuuliza siku moja.

"Nisome nife? Vidole ndivyo vinasoma, Vero."

Mwaka juzi mama yake, Bibi Avelina wa Kituntu, alitaka wasifu wake uandikwe angali na akili. Kabla ya Kokuberwa alizaa watoto watano, wote wakafa wadogo. Mumewe aliyewazika naye alishatangulia. Bibi alitaka siku yake ikifika watoto wale watajwe kanisani, kila mmoja kwa jina lake. Katekista Egbert akaandika kwa mkono, Kokuberwa akachapa huku anasinzia. Karatasi hakutoa, maana kutoa wasifu wa mtu aliye hai ni kumchuria. Ukakaa ndani ya kompyuta. Ule wa mkono, jamani, Kokuberwa aliwashia jiko siku ya mvua. Egbert tulimzika mwaka jana.

Sasa mwaka huu kompyuta ikawa haiwaki mpaka umalize kunywa chai. Akaja Gozbert, mwalimu wa kompyuta.

"Shikamoo mama. Tuweke Linux. Ni mfumo wa bure, na virusi vya flashi hizi haviusumbui."

"Marahaba. Bure? Cha bure mwanangu hakikosi mkia."

"Hiki hakina. Ila nitafuta kila kitu kwanza. Umehamisha mafaili yako yote?"

"Yote. Futa tu, nimechoka."

Kumbe Kokuberwa alikuwa amenakili kwenye flashi vile vipicha vya kubofya vilivyopangwa kwenye kioo. Vipicha vile ni vibao vya njia tu, mafaili yenyewe yanakaa kwingine. Miaka yote anabofya kibao, akidhani ndiyo nyumba.

Mashine ikawaka upesi, hata mimi nikapiga makofi. Kokuberwa akachomeka flashi, akabofya. Hakuna kitu. Gozbert alihangaika siku mbili kutafuta yaliyofutwa, mwisho akaketi kwenye benchi langu, kashika kichwa. Nikamkaripia vibaya.

"Mwache," Kokuberwa akasema. "Aliniuliza."

Bibi Avelina wakati huo akili ilishamtoka, hata chakula analishwa. Kokuberwa alijikamua kichwa siku nzima akapata majina mawili, Kyomukama na Akankwasa. Matatu hayakuja. "Nilichapa kwa mikono yangu, Vero!" Alilia, nami nikalia naye.

Jumapili nilimsindikiza Kituntu. Bibi alikuwa ameketi juani kando ya migomba. Alimtazama mwanawe muda mrefu.

"Bainomugisha, umekuja? Kifua kimepona?"

Nilifungua mdomo nimsahihishe, Kokuberwa akanifinya. Akapiga magoti.

"Kimepona, mama."

Jumatatu, kwenye mfumo mpya, aliandika majina matatu, Bainomugisha likiwa la tatu, akaacha mistari miwili wazi. Safari hii alisoma kila herufi. Tangu hapo kila Jumapili anapanda Kituntu na uchovu wake, anapiga magoti mbele ya mama yake, anangoja aitwe nani.

Juzi alirudi, akakaa kwenye benchi langu bila kuvua kitenge cha mabegani.

"Leo amenitambua," akasema. "Kaniita Kokuberwa, kanishika na mashavu. Na mimi, Vero, nikakasirika."