Mkono wa Siku ya Idi

Biasha wa Matambarale alikuwa mtu wa kuweka kinyongo, na kile alichomwekea Mwanamvua kilikaa miaka miwili mizima. Walikuwa marafiki tangu usichana, wamelima ufuta mashamba ya jirani, kila mmoja kamzalisha mwenzake. Siku ya Idi, mwaka 1951, Biasha alimnyoshea mkono mbele ya wanawake wote, katikati ya vigelegele na matwari. Mwanamvua akapita zake kama aliyepita kigogo. Tangu hapo Biasha hakumsemesha tena. Naye Mwanamvua, asiyejua kosa lake, akaona mwenzake kamnunia bure, akanyamaza.

Watu walimuunga mkono Biasha. Mwanamvua alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa shingoni, na siku hizo macho yalikuwa yamemtoka, mikono inatetemeka, mwili unakonda na chakula anakula. Wakasema ugonjwa umemtia kiburi. Ukimpungia mkono kutoka shambani, anapita. Ukikaa ubavuni pake, hakutazami. Biasha aliyasikia hayo akafurahi, na furaha ile ilikuja kumuuma baadaye.

Mwaka 1953 alifariki kaka yake Mwanamvua. Siku ya hitima alikuja Kornel, Mmakua, mtani wa ukoo ule, na mtani msibani hakatazwi kitu. Mwanamvua alikuwa amekaa mkekani, sahani ya wali na nyama kushoto kwake. Kornel akachuchumaa, akachopoa kipande cha nyama, akaweka gunzi la hindi mahali pake. Mwanamvua akapapasa, akalichukua gunzi, akalipeleka mdomoni. Wanawake walicheka mpaka machozi, na Biasha alicheka kuliko wote.

Kornel naye alikuwa anacheka. Kisha akapitisha kiganja chake karibu na sikio la Mwanamvua, akakipeleka mbele polepole. Jicho halikupepesa mpaka kiganja kilipokaribia pua. Akarudia upande wa pili. Kicheko kikamwisha.

“Jamani,” alisema, “mtani wangu haoni pembeni.”

Biasha aliuona mkono wake wa siku ya Idi. Alijisikia vibaya kiasi kwamba aliondoka bila kuaga.

Siku ya tatu alikwenda kwa Mwanamvua, akasema neno moja tu, kwamba lori la ufuta linakwenda Nachingwea na yeye atamsindikiza. Walikwenda, magunia katikati yao.

Pale hospitali, daktari Mzungu alimshika shingo, akamwambia afumbe macho, akayabonyeza kwa vidole juu ya kope. Saadi, mganga msaidizi, ndiye aliyetafsiri. Macho yalikuwa yamekaza kwa ndani, maji yake hayatoki inavyopasa, na mkazo huo umekwisha kuua sehemu ya kuona. Atapewa dawa ya matone, na nyingine ya rovu.

“Ni hilo rovu lililomharibia macho?” Biasha aliuliza.

Saadi akamgeukia daktari, wakasemezana kitambo.

“Anasema huenda vinahusiana, mama, ila hana hakika. Na waliosoma kumzidi wanabishana bado.”

“Na kilichopotea?”

“Hicho hakirudi. Tunalinda kilichobaki.”

Nje, Mwanamvua aliketi kwenye benchi, Biasha ubavuni pake, chupa ya dawa imefungwa kwenye pindo la kanga.

“Mama Hasani,” alimwambia Biasha, “siku ile ya Idi ulinipa mkono?”

“Nilikupa.”

“Upande gani?”

“Kushoto, Mama Yunusi.”

Mwanamvua akageuza shingo yake nzito upande wa kushoto, akatazama, kana kwamba mkono ule ungali unamngoja. Biasha alikuwa analia. Akainuka, akapiga magoti mbele yake, pale palipobaki na mwanga, akaunyosha mkono.