Mafuriko ya Kiangazi

Mto Oli haukuwahi kuingia nyumbani kwetu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu serikali iliamini kinyume chake, na serikali ya miaka ile ya sabini ikishaamini jambo, haikuwa na desturi ya kuulizwa.

Ulikuwa mto mdogo wenye kelele nyingi kuliko maji. Masika ulijaa, ukameza bustani za dodo, yaani mchicha wetu, na vitunguu zilizokuwa ukingoni, ukachukua ndoo ya mzembe mmoja au wawili, kisha ukarudi mahali pake. Nyumba ya mama ilikuwa juu zaidi, katikati ya mteremko, kwenye mtaa wetu sisi wajukuu wa askari waliotoka Sudan zamani. Baba, naye aliyekuwa askari wa Mwingereza, aliijenga kwa mikono yake alipotoka jeshini, na akafia humo. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama na sindano zangu, natarizi mashuka ya maharusi ya watu wengine. Kilichotusumbua si mto, ni paa. Nyasi zilikuwa zimeoza, na mvua ikinyesha tulihamisha kitanda kutoka pembe moja hadi nyingine kama tunaotafuta kibla. Mama alitaka mabati. Aliyaota usiku, na asubuhi alinisimulia.

Basi akaja mtaalamu. Alikuwa ametumwa na ofisi fulani ya Kampala kuchunguza mito ya kwetu na namna inavyowaathiri watu wanaoishi kando yake. Mafuriko alikuja kuyachunguza kiangazi. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila haya kwamba masika barabara ni mbaya. Oli ulikuwa umebaki mchirizi. Kuku angeuvuka huku akifikiria mambo mengine. Yeye akavaa mabuti ya mpira yaliyomfika mapajani, akaingia na ubao mrefu wenye namba, akausimamisha katikati. Maji yakamlowesha soli, naye akaandika kwa bidii.

Alikuwa kijana mpole na msomi kwelikweli, ila Kiswahili alikuwa amejifunza kwenye vizuizi vya askari barabarani, kwa hiyo kilikuwa amri tupu. Alipotaka kumsalimu mama alisema, “Simama!” Alipotaka kukaa alisema, “Toa kiti!” Mama, mjane wa askari, alimpenda papo hapo. Mtaa mzima ukachanga sukari ya kumpikia chai, na hiyo ilikuwa miaka ya kupata sukari kwa magendo au kwa kufahamiana na mke wa afande.

Siku hiyohiyo alifika mjomba, kaka yake mama. Alikuwa mkulima Kuluba, upande wa Koboko, na mambo ya dunia aliyajua kabla hayajatokea. Alitua gunia lake la mihogo, akamtazama kijana aliyekuwa akipima mto, kisha akamvuta mama nyuma ya jiko.

“Dada, hii mutu mimi nafahamu kazi yake,” alisema. “Kule kwetu walikuja, wanauliza maji ilifika wapi. Mutu alisema magoti, alipata blanketi. Mutu alisema kifua, alipata mabati.”

“Kweli?” mama aliuliza.

“Mimi iliona mabati na macho yangu!”

Na kweli aliyaona. Yalikuwa yameng'olewa na upepo kwenye ghala la tumbaku, watu wa Kuluba wakayaokota. Hilo tulikuja kulijua baadaye, lilipokuwa halina faida tena.

Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imepanda mteremko wote. Mtaalamu akapita nyumba kwa nyumba na kopo la rangi nyekundu. Kila mlangoni aliuliza maji yalifika wapi, na palepale alipoonyeshwa akachora mstari ukutani. Jirani wa kwanza, aliyekaa karibu kabisa na mto, alionyesha kifundo cha mguu. Huyo alikuwa shambani asubuhi yote, hakuna aliyewahi kumpa habari. Wa pili alionyesha kiuno. Wa tatu alikuwa amechungulia kwa wa pili, basi akaonyesha shingo. Mama alipofikiwa alinyoosha mkono juu ya kichwa, akaona hautoshi, akapanda juu ya kinu.

“Hapa,” alisema. “Na mbuzi yetu ilikufa.”

Hatukuwa na mbuzi.

Juu kabisa, karibu na barabara, alikaa mwalimu wa madrasa. Yeye ni mcha Mungu, uongo hausemi. Alielekeza tu kidole juu ya dirisha lake, akasema, “Mungu ndiye ajuaye.” Mtaalamu akachora mstari pale kidole kilipoelekea.

Mtu mwingine angejiuliza ni maji gani hayo yanayolowesha vifundo vya miguu huku mtoni na kupita madirisha kule kilimani. Mtaalamu naye alijiuliza. Nilimwona amekaa juu ya jiwe anakuna kichwa. Lakini msomi akikutana na jambo lisilowezekana hulitafutia jina, na jioni alitutangazia kuwa Oli una tabia adimu: maji yake hurudi nyuma yakapanda. Tulikubali kwa vichwa vyote. Akatushukuru kwa ushirikiano, akapanda gari lake, na kesho yake mama alikwenda kuongea na fundi wa kuezeka.

Badala ya mabati, kijana alirudi na ramani. Safari hii alikuja na wakubwa wa ofisi na askari wawili. Tukaitwa kwenye uwanja wa shule, ramani ikatundikwa ubaoni, tukaonyeshwa mstari mwekundu. Alikuwa amechukua alama ya juu kuliko zote, ile ya kidole cha mwalimu, akaizungusha mtaa mzima. Vyote vilivyokuwa chini yake vilihesabiwa kuwa ni njia ya mto. Nyumba zilizomo zingebomolewa kabla ya masika, na hayo yote, mkubwa mmoja alisema, ni kwa usalama wetu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, hata yakiwa maji ya kusingiziwa. Mwalimu alisema tena kuwa Mungu ndiye ajuaye, lakini kwa sauti ndogo sana.

Nyuma yetu alikuwa amesimama kapteni mmoja, mzaliwa wa hapahapa, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kujenga ubavuni mwa nyumba ya mwalimu. Aliuliza swali moja tu.

“Hii nyumba yangu iko ndani ya maji?”

Mtaalamu aliitazama ramani. Akamtazama kapteni. Akaitazama bastola ya kapteni.

“Hapana, afande. Pale mto inakata kona.”

Akatoa penseli, na mstari ukapinda. Ukaizunguka nyumba ya kapteni kwa adabu, pamoja na ya mwalimu kwa sababu ya ujirani, kisha ukarudi kuendelea na sisi. Nilikaribia kucheka. Nilipomwona mama amejishika kifua kicheko kikaniisha.

Mkutano ulipovunjika mama alimfuata kijana hadi kwenye gari, nami nikamfuata mama.

“Mutoto yangu,” alimwambia, “mimi ilidanganya wewe ile siku. Maji haijafika kwangu hata siku moja.”

“Mama, wewe ilisimama juu ya kinu.”

“Nilisimama sababu ya mabati. Futa yangu peke yake. Hii nyumba iko ya bwana yangu.”

Kijana alitazama huku na huku kabla ya kujibu. Akasema polepole kwamba akifuta ya mama itambidi afute zote, na akifuta zote itambidi awaeleze wakubwa kwamba watu wa Oli walimcheza shere, naye akawacheza shere wao wakubwa. Miaka ile watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo.

“Na kapteni?” nilimuuliza.

“Dada, kona iko pale,” alisema, akatazama tena nyuma kama kuna anayesikia. Nilitaka sana kumchukia. Nilishindwa, na mpaka leo jambo hilo linanikasirisha.

Siku ya kubomoa waliletwa wafungwa wa jela na sululu. Mama alikuwa ameamka alfajiri akaifagia nyumba, uani na ndani, kama anayetarajia wageni. Ukuta wa mbele ulianguka pamoja na mstari wake mwekundu. Tukahamia Dadamu, nje ya mji, kwenye kibanda tulichopewa na jamaa, na mjomba akatuletea mihogo. Alitua gunia, akasema pengine mabati iko njiani. Mama akaanza kumenya mihogo.

Masika yakaja. Mvua ilinyesha siku baada ya siku, na watu waliotoka mjini walisema hawajauona Oli ukijaa namna ile tangu wazaliwe. Alasiri moja mama alijitanda, akaniambia twende. Tulikuta sakafu yetu imebaki na kizingiti chake, mvua inaipiga. Chini yetu mto ulinguruma, mwekundu wa udongo. Ulikuwa umemeza bustani zote, na pale ilipokuwa nyumba ya yule jirani wa kwanza maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Hapo yalisimama.

Mama alikwenda akasimama mahali palipokuwa kitanda chake na baba, nguo zimemganda mwilini. Nilidhani ataulaani.

“Panda,” aliuambia mto. “Panda basi. Panda kidogo tu.”

Mto ungefika pale, usingekuwa ulimi wake uliobomoa nyumba ya mumewe. Nilielewa hilo nikiwa nimemshika mkono, na mimi pia nikaanza kuyaomba maji yaje. Tulingoja mpaka mvua ikakatika na mto ukaanza kushuka. Mama akaketi sakafuni akalia kwa sauti, kilio ambacho sikukisikia hata siku tuliyomzika baba.