Kunawani

Kila nikifua kwa sabuni ya mche, harufu yake inanirudisha kwenye mlango wa maktaba yetu pale Mpanda.

Tulikuwa tunatoka shambani Kasokola, vidole vyeusi, vinanata utomvu wa tumbaku. Mama mtunza vitabu aliweka ndoo na kipande cha sabuni pale mlangoni.

"Nyie watoto wa tumbaku, naweni kwanza! Mnataka kurasa zigandane kama mabumunda?"

Ukimaliza unamwonyesha viganja. Anavinusa, anacheka. "Haya, pita mwanangu."

Nyumbani mama hakulijua neno maktaba. Aliona tu narudi nanukia, basi akapaita kunawani. Majirani wakiniulizia, anajibu kwa maringo, "Kaenda kunawani." Huko kunawani, ndani ya vitabu, ndiko nilikoiona bahari, na theluji, na mimi mwenyewe nikirusha ndege.

Siku moja tulikuta ndoo imegeuzwa juu chini.

"Fungu la serikali halijaja, wanangu," alisema yule mama wa maktaba akifunga kufuli polepole. "Likija nitawaita."

"Hata kama tumeshanawa?" nikamuuliza.

Alivinusa viganja vyangu, kisha akavifumba.

Juzi nilikuwa nafua, redioni watu wanabishana kama maktaba zinastahili kweli fungu la serikali. Nikajikuta nimesimama, povu linadondoka, nimeinyooshea redio viganja vyangu.

Jamani, sisi tulishanawa.